Chuma Ambacho Mashine ya Cucu Haikuwa Nacho

Leo nimemliza Cucu, nyanya yangu, na sikukusudia.

Tulipita kwa fundi mmoja hapa Nakuru anayeuza vitu vya zamani. Nikaona mashine ya kufua ya enzi za wakoloni, ile ya roli mbili juu za kukamua nguo.

"Cucu, simama hapo nikupige picha!"

Hakusimama. Aligusa chuma kilicho juu ya roli.

"Ukigonga hiki, roli zinaachana," akasema. "Yetu haikuwa nacho."

Jamani, sikujua.

Miaka ya hamsini, akiwa msichana, yeye na dada yake Wangari walifua nguo kwa mzungu mmoja huko Molo. Siku moja roli zilivuta shuka pamoja na mkono wa Wangari. Cucu alipiga kelele tu, hakujua namna ya kuzifungua.

Mkono ikabidi ukatwe.

Wangari akarudishwa nyumbani. Mzungu akanunua mashine mpya yenye hicho chuma, na Cucu ndiye aliyebaki akiitumia.

"Kila asubuhi nilikigonga kwanza, nione kama kweli zinaachana," akaniambia, machozi yakimtoka. "Ziliachana kila mara."

Nyinyi mngemwambia nini?