Kafi la Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa milima ya Ngungu. Nilikulia kwenye maharagwe na viazi, na vijito vyetu vilikuwa vya kuruka tu. Miaka ile ya hamsini nilitumwa kufundisha shule ya misheni huko Walikale, nikaoa hukohuko, nikakuta watu wanaokwenda shambani kwa mtumbwi. Niliogopa maji kama paka, na sikumwambia mtu.

Mama mkwe wangu hakuyaogopa. Alikuwa bibi kizee tayari. Nchi kavu alitembea ameinama, mkono kiunoni, akiyalaumu magoti yake. Lakini kila asubuhi alishuka mtoni, kafi begani, akasimama ndani ya mtumbwi wake mwembamba, na mgongo ukanyooka. Alipiga maji akiimba mpaka ng'ambo, kwenye migono yake ya samaki. Siku nyingine hakupata hata samaki mmoja, akarudi anacheka vilevile. Mke wangu aliniambia, "Mama anasema mutumbwi njo dawa yake." Kwa hiyo yaliyofuata niliyafanya nikijua. Sina pa kujificha.

Nilimwona kwa pembe ya jicho tu. Kwa desturi yao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, wala hampi kitu mkononi. Neno hupitia kwa mke. Tulikuwa Wakristo wote, lakini hilo hakuna aliyeliacha, na mimi nililipenda. Lilinipunguzia maelezo.

Jumapili moja, baada ya misa, mwalimu mwenzangu alinitania mbele ya watu: "Mwalimu, ule bibi anakutafutia mboga na mutumbwi, weye unakula tu? Ao mushahara haifike?"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani mtupu, lakini ulinikata maini. Nilifika nyumbani nimevimba.

"Ambia mama apumuzike," nilimwambia mke wangu. "Asionekane tena ku mto. Kafi, miye njo nitaiweka."

Nikalichomeka darini, juu ya moto, likaanza kushika masizi. Nilisema namhurumia mama wa watu. Uongo. Nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Hakubisha. Angebishaje na mkwe asiyeruhusiwa kusema naye? Alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, akitazama njia ya mtoni. Mvua zikaja, zikaisha. Mabega yalikaza kwanza, kisha magoti, mwisho ikawa lazima ashikwe ili asimame. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji akaugua. Nami nikajitia hamnazo, nikisema ni uzee tu, uzee hauna dawa.

Jioni moja mke wangu alitua sahani ya sombe, kile kisamvu chao, mbele yangu kwa kishindo.

"Kila siku mama ananitumaka kwako, na miye naficha," alisema. "Leo nasema. Anauliza: mukwe wangu, nilimukosea nini?"

Miezi yote ile alidhani nimemwadhibu. Alikuwa amekaa mlangoni akihesabu makosa yake, akitafuta lipi lilinikasirisha. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimefanya mengi ya aibu.

Asubuhi nilishusha kafi, nikalifuta masizi, nikaliweka chini mlangoni pake, nikageuza mgongo kama inavyotakiwa. Binti zake wawili walimbeba mpaka mtoni, wakamkalisha ndani ya mtumbwi, wenyewe wakaushika wasiuachie. Nilifuata kwa mbali. Alipiga maji mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu mkono ulikataa, akalilaza kafi juu ya magoti.

Ndipo akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akasema kwa mdomo wake mwenyewe:

"Mukwe, sasa umenisamehe?"