Haddu, fundi aliyesawazisha viatu vya binti yake

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeukumbatia mji wa Azru, na Haddu u Basu anateremka barabara ya mierezi akikimbia. Hana mbwembwe. Anatupa mguu, anavuta mguu. Kofia ya sufi imemfunika masikio, na mvuke unamtoka kinywani kama birika la chai ya nanaa. Mbwa wa bucha ameshamzoea, hambwekei tena.

Anafika kibandani kwake nyuma ya soko, anafungua kufuli, anavua fulana iliyolowa jasho na kuvaa jalabia yake ya kazi. Hata hajaketi, mteja wa kwanza yuko mlangoni. Ni Zayid, kijana wa mbio za mita elfu tano, ameshika viatu kwa kamba zake kama mtu aliyetoka kununua sungura.

"Ami Haddu, soli imeachama. Itie gundi, saa tatu nina mazoezi."

"Vivae."

"Nimevivua sasa hivi."

"Vivae, utembee mpaka pale kwa muuza zeituni, kisha urudi."

"Ami, nimekuja kutengenezewa kiatu, sikuja kuposwa."

"Na nani akupose, na magoti hayo?"

Zayid anacheka, anavaa, anatembea. Haddu amechuchumaa, shavu linakaribia kugusa lami, macho yako kwenye visigino vya kijana yule. Hapo hana utani. Anamrudisha mara ya pili, kisha ya tatu. Ndipo anapokipokea kiatu.

Wanawake wa milimani huwategea watoto kitendawili hiki: mapacha wawili, mchana wameshiba, usiku wamelala vinywa wazi. Mtoto yeyote wa hapa atajibu kabla hujamaliza, viatu. Lakini kipo kitendawili kingine, ambacho Haddu alichelewa kukitegua: ni kitu gani, ukikinyoosha kinapinda, ukikiacha kimepinda kimenyooka? Kwa kuchelewa huko, binti yake alilipa kwa mguu.

Haddu ana umri wa miaka hamsini na tisa. Alianza ufundi akiwa na miaka kumi na minne, akishona balgha, viatu vya ngozi vya kienyeji, kwa mjomba wake. Wakimbiaji walipoanza kuja kufanya mazoezi mlimani, kwenye hewa nyepesi, walikuja na viatu ambavyo hakuna fundi aliyejua kuvifungua. Haddu alinunua jozi moja mbovu sokoni Jumanne, akaipasua kwa kisu kama mtu anayechinja kuku, akaangalia ndani kuna nini.

"Kiatu cha mbio roho yake ni sponji," anasema. "Balgha ikifa unaiona. Sponji ikifa huioni, unaisikia gotini."

Jozi mpya inauzwa hadi dirhamu elfu moja na mia mbili, na wengi wa vijana hawa ni watoto wa wachungaji. Wananunua mitumba kwa dirhamu mia moja na hamsini, wanamletea yeye. Kubadilisha soli ni dirhamu thelathini. Siku nzuri alikuwa akipokea jozi nane. Siku hizi akipata tatu anamshukuru Mungu, na sababu yake anaieleza mwenyewe bila kuulizwa.

Binti yake Itto alianza kukimbia akiwa na miaka kumi na mmoja, akiwahi shule. Alikuwa na kasoro ndogo. Utotoni alianguka kutoka juu ya nyumbu, na mguu wa kushoto ukabaki mfupi kidogo kuliko wa kulia. Akitembea hukuona kitu. Akikimbia, bega moja lilishuka kidogo, basi.

"Wenzake walimtania kwamba anakimbia kama anayesikiliza siri ya jirani," anasema mama yake, Yamna, akimimina chai. "Yeye akawajibu, haya, nishindeni basi. Hawakumshinda."

Nyumbani walimuuliza mara nyingi anapata nini huko barabarani, maana baridi ilimpasua midomo na kucha za vidole vya miguu zilikuwa nyeusi. Yamna anakumbuka jibu lake: "Mama, nikifika kwenye mierezi hakuna anayeniita. Si mtoto wa mtu, si dada wa mtu. Ni pumzi tu." Yamna hakulipenda jibu hilo. Alidhani msichana anataka kuwakimbia.

Miaka minne iliyopita, Itto akiwa na miaka kumi na tisa, kulikuwa na mbio za kilomita kumi mjini. Kocha wa klabu moja kubwa alikuja kutazama, na ilijulikana kwamba wasichana watano wa kwanza watachukuliwa: malazi, chakula, na posho ya dirhamu elfu mbili kila mwezi. Siku moja kabla ya mbio, Yamna alimpeleka Itto hamamu, akamsugua, kisha akampaka hina visiginoni. Huku mlimani, mama wa mkimbiaji humwandaa mwanawe kama bibi harusi.

Viatu vilibaki mlangoni. Haddu akaviona.

"Cha kulia kilikuwa kimeliwa soli, nusu unene wa kidole," anasema. Anaonyesha kwa kidole chake chenye gundi iliyokauka. "Cha kushoto kizima. Nikaona aibu. Mtoto wa fundi, anakwenda mbele ya kocha na viatu vya mlemavu. Nikasema nitampa zawadi."

Alikata sponji mpya, akaipachika kwenye kiatu cha kulia, akasugua kwa msasa mpaka viatu vyote viwili vikalingana. Aliviweka juu ya meza, akainama, akavitazama kwa jicho moja kama seremala. Vilikuwa sawa kabisa. Akatia kamba mpya, nyeupe, akavirudisha mlangoni.

Kumbe kwa miaka miwili barabara ilikuwa ikifanya kazi ambayo daktari hakuifanya. Mguu mrefu ulikuwa umekila kiatu chake taratibu mpaka ukalingana na mfupi. Haddu alipoziba pengo lile, aliurudishia mwili wa binti yake kasoro yake yote, kwa siku moja, mbio zikiwa kesho yake.

Asubuhi Itto alivitazama viatu, akambusu baba yake mkono, akavaa.

Kilomita ya tano alikuwa wa pili. Ya saba, wa tatu. Kwenye ya nane, mbele ya kituo cha petroli, aliketi chini katikati ya barabara. Kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imekatika. Ilishonwa hospitalini, ikashikana vibaya. Daktari alimwambia atatembea vizuri, lakini mbio azisahau.

Mji ukatoa hukumu yake mkahawani. Wapo waliosema amevunjwa na woga, wengine wakasema alikula keki ya asali asubuhi kwa uroho. Watoto walimpa jina: Kilomita Nane. Akienda kununua mkate, wanamwimbia. "Kilomita Nane, keti upumzike." Akaondoka. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, anafungasha nyanya kwenye mabanda ya kilimo huko Sus, mwendo wa saa kumi na moja kwa basi. Kwa miaka minne amekuja nyumbani mara mbili, na mara zote hakutoka nje ya ua.

Katika muda wote huo Haddu hakujua. Alilia kama baba yeyote, kisha akaendelea kutia gundi.

Aliyemfungulia macho ni Rabha, msichana aliyekuwa akikimbia na Itto. Majira ya kuchipua mwaka huu alileta viatu vyake. Haddu akavigeuza, akachukua msasa. Rabha akamshika mkono.

"Ami, tia gundi tu. Usivisawazishe."

"Vimepinda, mwanangu."

"Viache hivyo hivyo. Usije ukanifanya kama Itto."

Rabha anasema alitamani aumeze ulimi wake. Fundi aliweka msasa chini, akamuuliza Itto alifanywa nini na nani. Rabha akajaribu kucheka. Haddu hakucheka. Akaufunga mlango wa kibanda nusu, akamwambia: "Keti. Sema."

Rabha akasema. Alikuwa na Itto ndani ya gari la wagonjwa siku ile. Itto alimwambia alihisi tangu kilomita ya pili kwamba kiatu cha kulia kimepandishwa, nyonga inamchoma, kisigino kinavutwa. Angeweza kuvivua au kusimama.

"Nikamwuliza, kichaa wewe, mbona hukusimama?" anasema Rabha. "Akaniambia, ningesimama pale kwenye kilomita ya pili wangevitazama viatu. Wangesema baba kaviharibu. Nani angempelekea kiatu tena? Akaniapisha nisiseme."

Kwa hiyo msichana alikimbia kilomita sita akiliona pigo linakuja, ili baba yake asikose mkate. Na mji ukamwita mwoga.

Haddu hakulala siku nyingi. Yamna alimpa maji ya waridi, akamsomea, wapi. Alfajiri moja alichukua jozi ya viatu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, akatoka, akaanza kukimbia kuelekea mierezini. Hakuwa amekimbia tangu ujana. Alitapika kwenye daraja.

"Nilitaka kuumia," anasema. "Nilisema, acha na mimi visigino vyangu vikatike."

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya tatu, kwenye kona ya juu pale nyani wanapokaa, kuna kitu kilibadilika. Pumzi ilikaa sawa na miguu. Alisikia ndege. Kwa dakika chache, ndani kukanyamaza.

Hapo akaketi juu ya jiwe, akalia kuliko siku zote.

"Miaka minne nilidhani Itto alikosa klabu. Posho. Kumbe klabu ni kitu kidogo. Alikuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi, na mimi ndiye niliyefunga njia. Nisingekimbia nisingejua nilichomnyang'anya."

Jumanne iliyofuata, soko limejaa, alibandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wake mkubwa uliopinda: "Viatu vya Itto niliviharibu mimi, Haddu, baba yake. Hakuketi kwa woga." Wasiojua kusoma aliwasomea.

Yamna alimfuata mbio, shela mkononi. "Haddu, utakula karatasi?"

"Nimekula mguu wa mwanangu miaka minne. Karatasi itanishinda?"

Kocha mmoja aliwakataza wasichana wake kumpelekea viatu tena. Wateja wengine walipita mlangoni wakitazama upande wa pili. Lakini wiki ile ile muuza zeituni alimkamata mwanawe sikio akiimba jina lile, akamwambia, "Ukilirudia, wewe ndiye utakayeketi." Wanaoliimba wamepungua. Hawajaisha.

Itto mwenyewe alipopata habari hakufurahi. Alipiga simu akifoka, na Yamna aliyasikia yote.

"Baba, nani kakutuma useme? Nimelibeba miaka minne, umelimwaga sokoni siku moja."

"Lilikuwa langu, mwanangu. Ulibeba mzigo wa mtu mwingine."

"Na wateja?"

"Wapo watatu."

"Watatu? Mnakula nini?"

"Mama yako anapika dengu kama anapikia jeshi. Niambie wewe, bado umekasirika?"

 Itto akasema ndiyo. Akasema alimkasirikia tangu kilomita ya pili, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Haddu akamwambia amwambie yeye. Wakakaa hivyo kwenye simu, mmoja analia huku, mwingine kule, mpaka salio likaisha.

Baadaye akapiga tena, na sauti ilikuwa imeshuka. Alimweleza baba yake jambo ambalo hakumweleza hata Rabha. Kila Ijumaa, mabanda yakiwa yamefungwa, anakimbia kwenye njia ya mchanga kati ya nyanya. Dakika kumi. Zikifika, kisigino kinakataa, anarudi akichechemea, na usiku mguu unavimba. Hajui kwa nini anaendelea.

"Mimi najua," Haddu alimjibu.

Alhamisi hii Haddu atapanda basi la kwenda Sus. Amekwishakata tiketi, dirhamu mia mbili na ishirini, karibu mapato yote ya siku nzuri ya zamani. Yamna amemfungia mkate wa shayiri, siagi iliyokomaa kwenye chupa, na hina. Kisu, gundi na msasa vinabaki kibandani. Zayid alipomuuliza kama hatamtengenezea Itto viatu huko, Haddu alitikisa kichwa. Siku Itto atakapotaka, atasema mwenyewe, na huenda asitake kamwe.

Anachokwenda kutaka ni kukimbia naye hizo dakika kumi za Ijumaa, na Itto amemkubalia kwa shingo upande. Yamna alimshauri akimbie mbele, ili binti asitazamwe anavyochechemea. Haddu amekataa.

"Nikiwa mbele atajikaza anifuate," anasema, akizungusha kofia yake ya sufi mikononi. "Na huyu mtoto akijikaza kwa ajili yangu, nimeona mwisho wake. Nitakaa nyuma yake. Akisimama, na mimi nasimama."