Juma Nililotembea na Masika

Pasi ya makaa ikigusa shati jeupe lenye unyevu hutoa harufu ambayo mpaka leo siivumilii. Nikiisikia kwa jirani, hapa Mulekera, mjini Beni, ninakoishi sasa, mkono wangu wa kulia huikumbuka rula. Nisiwafiche: nilikuwa msichana mkali.

Tulikaa Butembo, mtaa wa Kimemi, miaka ya vita. Mimi nilikuwa darasa la sita, kaka yangu Paluku alikuwa sekondari. Risasi zililia juma hili, zikanyamaza lijalo, lakini mama hakukosa kutupigia pasi. “Vita iko, lakini buchafu hapana,” alikuwa akisema, huku anapuliza makaa mpaka machozi yanamtoka. Shuleni direkta, mkuu wetu wa shule, alinifanya shefu wa darasa, yaani kiranja, akanipa rula ya mbao nikague sare getini. Shati lisilo jeupe, pigo moja kiganjani. Kifungo kikikosekana, pigo moja. Sikuwaacha hata marafiki zangu, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Ndipo akaja Masika. Alikuwa amekimbia kutoka Luofu, akakaa kwa shangazi yake karibu na kwetu. Kila asubuhi alifika amejifunga kitenge kama mama wa soko, amebeba kichwani fungu la sombe, majani ya muhogo ya kuuza. Shati lake na sketi vilikuwa ndani ya mfuko. Alivivaa nyuma ya vyoo, akachelewa mstari, nami nikampiga kiganjani. Siku moja nilimuuliza sababu.

“Miye hapana vaa shati mu njia,” alisema. “Kwetu askari balibeba batoto bote benye shati nyeupe.”

“Huku ni Butembo,” nikamjibu. “Huku hapana Luofu.” Darasa zima likacheka.

Alipokuja tena na kitenge chake, nilimnyang'anya mfuko mbele ya wote. Akaushika. Nikampiga mdomoni kwa ukingo wa rula, nikampiga tena, wenzangu wakinihimiza, na niseme ukweli, nilisikia raha. Nilipoacha alikuwa amepiga magoti anatafuta jino lake mchangani. Damu ilikuwa imechirizika mpaka kwenye kitenge.

Direkta aliamua haraka: mimi fimbo ishirini, Masika afukuzwe mpaka atakapojua kuvaa kama wenzake. Mwalimu wetu, Madame Régine, alikataa.

“Fimbo itamurudishia jino, Direkta?” aliuliza kwa upole.

Yeye alitaka jambo lingine. Kuanzia Jumatatu ningemfuata Masika kwao kila asubuhi, nikiwa nami nimejifunga kitenge na sare yangu iko mfukoni, nimbebee mzigo wake na kupita anakopita yeye. Jumamosi ningesimama mbele ya darasa, niseme nilichomfanyia, kisha nimuombe samahani. Direkta alikubali kwa shingo upande. Mimi nilitamani zile fimbo. Fimbo zinaisha. Lakini Kimemi nzima kuniona na sombe kichwani kama niliyefukuzwa shule, hiyo nilidhani ingeniua.

Kila asubuhi Masika alinikabidhi mzigo. Alitangulia, akapita nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na kabla ya kuvuka barabara kubwa alisimama akasikiliza. Nilimwona mwoga tu, na nilihesabu siku zilizobaki.

Alhamisi tulipofika barabarani kulikuwa na lori. Askari walikuwa wamewazuia wanafunzi wa sekondari, mashati yao meupe yakionekana kutoka mbali. “Telema! Simameni!” walipiga kelele. Mvulana mmoja akakimbia. Askari alimpiga kitako cha bunduki kisogoni, nikasikia mlio wa mfupa, naye akaanguka kifudifudi asiinuke. Wengine walitupwa ndani ya lori kama magunia. Mtu wa tatu katika mstari alikuwa Paluku.

Nilifungua kinywa nimwite. Masika akaniziba kwa kiganja, akanivuta chini karibu na fungu letu la sombe. Nilimng'ata. Nilimng'ata mpaka nikaonja damu, na hakuutoa mkono. Askari mmoja alipotugeukia ndipo akaniachia, akauficha mkono ule ndani ya kitenge.

“Na nyinyi?” akauliza.

“Tunaenda ku soko, papa,” alisema Masika.

Akatutazama, akaenda zake. Paluku alikuwa akituangalia. Kisha akageuza uso upande wa pili, wakampandisha.

Shule ilifungwa siku ileile, na Jumamosi haikufika. Masika na shangazi yake walikimbia upande wa Beni bila kuaga. Paluku hakurudi. Nyumbani nilisema nilimwona kwa mbali na kwamba yeye hakuniona, nikashikilia maneno hayo mpaka mama alipokufa.

Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipomkuta Masika sokoni hapa Mulekera, anauza samaki wa chumvi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejiambia kwamba siku ile ya lori, aliponiziba mdomo, alinisamehe. Nikamwambia hivyo.

“Miye hapana kukusamehe,” alisema. “Niliogopa utalia, batubebe sisi bote.” Akakunja mikono. Pengo lilikuwa palepale. “Ile ya Jumamosi ulikuwa useme mbele ya batu. Sasa sema.”

Nilisimama kati ya wauza samaki, mtu mzima na kikapu changu, nikasema: nilimvunja mama huyu jino kwa rula, alikuwa hana kosa, namuomba samahani. Wawili watatu waligeuka. Wengine waliendelea kupatana bei. Masika alinisikiliza mpaka mwisho, akaitika kwa kichwa.

“Na ya Paluku,” akasema. “Sema nayo.”

Niliweka kikapu chini. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa nami pale barabarani.

“Aliniona,” nikasema, na ndipo nilipoelewa, katika kusema. “Aligeuza uso ili wasijue mimi ni dada yake.”