Nati Nne za Pikapu ya Baba

Nakumbuka adhuhuri moja kule Ngomeni, mwanangu, jua liko utosini na njia haina mpita njia, nilipolala chali chini ya pikapu ya marehemu baba yangu nikipigana na nati nne zilizoshikwa na kutu. Nasema marehemu kwa mazoea. Siku hiyo baba alikuwa hai, yuko ndani kitandani, na laiti ningelijua alichokuwa akikifanya huko ndani, nisingekuwa na la kukuhadithia leo.

Nakuhadithia kwa sababu jana nilikuona uani na hilo gari lako. Umeukanyaga mpini wa spana kwa miguu miwili, unarukaruka juu yake huku unaitukana nati kana kwamba ina mama. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa na marafiki zako, na kijana hakosolewi mbele ya wenziwe. Leo uko peke yako. Kaa basi, kunywa chai yako, unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba alikuwa fundi wa magari, fundi hasa, watu wakimletea magari kutoka Malindi. Kisha kiharusi kikampiga. Kikamlaza upande mzima wa kulia na kumfunga ulimi. Miezi saba hatukusikia neno lake hata moja, si maji, si Mungu, si jina la mtu. Daktari wa Malindi akatwambia kuna tamaa akipelekwa mazoezi kila wiki, ya viungo na ya ulimi, lakini wiki zikikatika, hiyo tamaa itakatika nazo. Nami ndiye niliyekuwa nikimpeleka kwa pikapu yake, mama akimpakata kwenye kiti.

Ndipo springi ya nyuma ikavunjika kwenye yale mashimo ya njia yetu. Wiki ya kwanza ikapita hatukwenda. Ya pili ikapita. Baba akaanza kulegea hata ule upande uliokuwa mzima, na mama akawa analia jikoni akidhani sisikii. Niliapa wiki ya tatu haitapita.

Springi mpya nilikuwa nayo. Kuitoa ile mbovu ndiko kulikonishinda. Unaijua Ngomeni, chumvi iko kila upande, bahari huku na mashamba ya chumvi kule, na hewa yenyewe ukiilamba ina ladha. Zile nati nne zilikuwa zimeliwa na kutu hadi huwezi kuona nati inaishia wapi na bolti inaanzia wapi.

Asubuhi ile, kabla sijaanza, nilipita chumbani kumjulia hali baba. Kitanda chake kilikuwa dirishani, dirisha linatazama uani, na pikapu iko hatua ishirini kutoka pale. Akaniona nimeshika nyundo kubwa na kipande cha paipu. Akainua mkono wa kushoto, akafungua kiganja, akaushusha polepole. Akaurudia. Kisha akaonyesha kwa kidole rafuni, kwenye kopo lake la mafuta. Mimi nikadhani anataka maji, kikombe kilikuwa papo hapo karibu na kopo. Nikamnywesha. Akayatema, akanitazama kwa jicho ambalo hata leo nikilikumbuka nainamisha uso. Nikatoka zangu. Nilikuwa na haraka ya kumponya, na kwa haraka hiyo sikuwa na nafasi ya kumwelewa.

Sasa sikia nilivyofanya, nawe usicheke, maana nimeona vitu vyako pia. Niliiinua pikapu kwa jeki ya kuazima, nikatoa gurudumu nikalisukumia chini ya gari kwa uvivu tu, kwa kuwa sikutaka kulibeba. Kisha nikaweka mawe ya kuchonga chini ya chesisi, haya haya tunayojengea nyumba, nikairudisha jeki kwa mwenyewe. Jiwe la kuchonga hubeba nyumba miaka mia, nani angelishuku? Lakini nyumba haitikisiki. Mimi nilivisha spana ile paipu ili nipate nguvu, nikawa navuta kwa uzito wangu wote, na kila nikivuta gari zima linayumba juu yangu.

Nati haikutoka. Ikalia. Umewahi kusikia nati yenye kutu ikilia? Ni sauti nyembamba, ndefu, kama ya mtu aliyeshikwa na maumivu usingizini. Nikaogopa kidogo, nikacheka peke yangu, nikachukua nyundo.

Nikagonga mara tatu. Nikasikia kugongwa mara tatu.

Nikasema ni mwangwi wa chuma. Nikagonga mara mbili. Kukagongwa mara mbili, ng'a, ng'a, sauti ya chuma kwa chuma, hafifu, sijui inatoka wapi, kwa maana ukiwa chini ya gari kila sauti huja kupitia bati. Nikaacha kabisa, nikaibana pumzi. Na kule kukaendelea peke yake, sasa kwa pupa, bila hesabu. Vinyweleo vikanisimama. Nikageuza shingo kutazama uani kutoka pale chini, nitafute miguu ya mtu. Sikuona miguu. Niliona mchanga mweupe unaomeremeta kwa jua, na kivuli cha gari kimejikunja chini yake, basi. Hata kuku walikuwa wamekimbia.

Kisha nikaitwa.

"Athumani."

Mwanangu, ilikuwa sauti ya baba. Si sauti inayofanana na yake. Ni yake, na ilikuwa sikioni, karibu hivi, kama aliyelala kando yangu juu ya mchanga. Baba ambaye miezi saba hajatamka hata herufi.

Wewe umekulia zama nyingine. Sisi tulifunzwa tangu tunatambaa kwamba jua la utosi ni saa yao wale wengine, na kwamba ukisikia unaitwa nawe humwoni anayekuita, usiitike. Huchukua sauti ya mtu unayempenda, hasa mgonjwa au maiti. Ukiitika umejitoa. Bibi yangu alilisema hilo kama anavyosema moto unaunguza. Kwa hivyo nilijua nini kinaniita. Nilikuwa na yakini.

"Athumani!"

Safari hii kulikuwa na kilio ndani yake. Jasho likanitoka baridi. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, na ili nisisikie zaidi, nikashika nyundo na kugonga ile nati kwa nguvu zangu zote, nagonga nasoma, nasoma nagonga, nimefumba macho.

Mara ya tatu iliponiita haikuwa jina zima. "Athu..." tu, ikakatika. Kwa sababu jiwe lilipasuka.

Sikulisikia likipasuka, nilisikia mchanga ukikohoa. Pikapu ikashuka yote. Ile chesisi ilinijia usoni na kusimama upana wa shibiri juu ya pua yangu, imedakwa na lile gurudumu nililolisukuma kwa uvivu. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umebaki mahali pasipo gurudumu. Hivi vidole viwili unavyoona sina, wewe ulidhani ni papa, na mimi nilikuachia udhani hivyo kwa sababu papa anaheshimika.

Aliyenitoa ni Kitsao, jirani yetu mtu wa Ganda kule Malindi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Alisikia kishindo akaja mbio na jeki yake ile ile. "Usijitikise, ndugu yangu, tulia, tulia," akawa ananiambia huku akiinua. Aliponivuta nje, mama ndiye niliyemwona kwanza, amesimama mlangoni. Hakukimbilia mkono wangu. Alikuwa amechanganyikiwa, analia na kucheka.

"Babako amesema! Athumani, babako amesema!" Kisha akauona mkono, na kicheko kikamkatika. Akauliza neno ambalo limekaa nami umri wote huu. "Amekwita mara tatu, nimemsikia toka jikoni. Mbona hukuitika?"

Niliingia chumbani damu inanichuruzika. Baba alikuwa nusu kitandani nusu dirishani. Mkono wake mzima ulikuwa umeng'ang'ania vyuma vya dirisha, pete yake ya fedha imepinda kwa kugonga, kidole kimechubuka hadi nyama. Kutoka pale aliliona lile jiwe likianza ufa. Alinigongea sikuelewa, ndipo akalitafuta jina langu huko ndani alikokuwa amefungiwa, akalipata, akalitoa. Mara tatu. Nami nilimsomea dua ya kumfukuza.

Jinsi sauti ya mgonjwa ilivyovuka hatua ishirini ikanifikia sikioni chini ya chuma, hilo sijui. Mama alisema ilikuwa hafifu, mwanzo alidhani ni paka. Nimeshazeeka na bado sijui.

Kitsao alizifungua zile nati. Alizipiga brashi, akazimwagia mafuta, akaziacha zinywe usiku kucha, asubuhi akazigonga kidogo kidogo pande zote kwa nyundo ndogo, akazungusha robo mbele na robo nyuma. Ikilia, anairudisha, anaiongezea mafuta, anangoja. Siku ya pili zote nne zilikuwa kiganjani mwake. Nikaukumbuka mkono wa baba ukishuka polepole, na kidole kinachoonyesha kopo.

Tulimpeleka Malindi wiki ile ile. Daktari akatikisa kichwa, akasema haiwezekani kwamba baba alisema. Na kweli baba hakusema tena. Aliishi miaka miwili mingine, na kila siku katika miaka hiyo niliketi ukingoni mwa kitanda chake nikamwambia, "Naam, baba." Alikuwa akinitazama tu. Naam yangu ilikuwa imechelewa, hapakuwa tena na wa kuipokea.

Basi nikuase, mwanangu. Chuma kilichokaa miaka kimeshikana hakiachani kwa ubabe wa asubuhi moja. Kipe mafuta, kipe muda, usikivute zaidi ya kinavyokubali, na usilale chini ya kitu ulichokiegemeza kwa haraka. Hilo ni la gari. La pili ni kubwa zaidi. Mtu wako aliyenyamaza muda mrefu, mzazi, mke, ndugu mliyekosana, siku atakapofungua kinywa hatakuita kwa wakati unaoutaka wewe, wala kwa namna uliyoizoea. Huenda ukaogopa. Huenda ukadhani si yeye. Weka nyundo chini, toka, ukamtazame uso. Ukikuta si yeye, hujapoteza kitu.

Mola akulinde na kila kizito kilicho juu ya kichwa chako, avibariki vidole vyako vibaki kumi vyote, na akujaalie uitike wakati anayekuita bado anayo sauti. Amin. Haya, nenda. Mamako anakuita tangu saa hizo.