Fimbo za Mngoni kwenye Baiskeli ya Mbemba

Ignasio Kafwimbi alikuwa na baiskeli isiyo na kengele, wala hakuitaka. Fimbo za gofu zikifungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu hugongana njia nzima, na aliye mbele akisikia chuma kinalia nyuma yake hupisha mwenyewe. Mtaani kwetu, hapa upande wa Kitwe, tulijua kumekucha kwa sauti hiyo. Wengine wana jogoo.

Mgodi ulipompunguza kazini alirudi nyumbani na baiskeli, kofia ngumu na kikohozi. Kofia akawapa kuku watagie. Baiskeli akaipeleka kwa fundi, akachomelewa keria pana, akaanza kuwabebea wastaafu fimbo zao mpaka uwanjani. Kwetu wastaafu wa mgodi hucheza gofu kama wa kwingine wanavyocheza bao. Walijifunza enzi za Wazungu, kwa kuwabebea mifuko na kuwaibia mapigo. Magari yao waliyauza zamani, na mwenye akili haachi fimbo klabuni, maana makabati ya pale hufunguka kwa kijiko. Basi Kafwimbi alipita nyumba hadi nyumba, mfuko mmoja kulia, mmoja kushoto, wa tatu mgongoni, akaenda akashusha, akarudi kwa mingine. Mchana anairudisha. Watoto wake wamekula ugali kwa kazi hiyo, na mmoja wao sasa ni nesi.

Mimi ni BanaSampa, yaani Mama Sampa, mpishi wa klabu. Nasema mapema ili mtu asiniulize niliyasikiaje haya. Mwenye trei ya chai huingia popote na hakuna anayemwona.

Mfuko wa mwisho kila asubuhi ulikuwa wa Mzee Zakeyo Jere, aliyekuwa msimamizi wa zamu chini ya ardhi. Jere ni Mngoni, Kafwimbi ni Mbemba. Wangoni na Wabemba walipigana zamani mpaka wakachoka, wakaamua kwamba matusi yanatosha, na tangu hapo ni watani. Mbemba atamwambia Mngoni kwamba anakula panya. Mngoni atamwambia Mbemba kwamba anakula nyani, na kwamba akimla anakuwa anakula shangazi yake. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika anatozwa kuku.

Watu wengi huufanya utani msibani na harusini, halafu wanapumzika. Hawa wawili hawakupumzika. Jere alikuwa na kisukari, na kliniki ilimwagiza atembee, kwa hiyo alikwenda uwanjani kwa miguu huku Kafwimbi akiendesha baiskeli pembeni yake, akiyumba kulia na kushoto ili asimpite. Njia nzima walitukanana. Sijawahi kumsikia mmoja akimwambia mwenzake neno jema, na walivyojivunia hilo, ungedhani ni kikombe walichoshinda.

"We mla panya, tembea! Au umeona shimo, unataka kuingia kuwinda?"

"Angalia barabara, nyani. Baiskeli haina matawi ya kushikilia."

"Jana mpira wako uliruka hatua ngapi, mzee? Hata panya mwenye mimba anaruka zaidi."

"Wewe unawajua panya wenye mimba kwa sababu ndio wanaokukubali."

Basi hivyo, mpaka langoni.

Mwaka huo klabu ilipata kapteni mpya, Bwana Halvorsen, Mnorwe, mhandisi wa hewa ya mgodini. Mtu mwema. Hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu mtu mbaya asingejisumbua. Asubuhi moja alikuwa kwenye shimo la kwanza la uwanja na mkalimani wake wakati watani wetu wanaingia, na kwa udadisi akauliza yule mtu wa baiskeli anamwambia nini yule mzee mgonjwa. Mkalimani naye, kijana wa Lusaka aliyelelewa na runinga, akamtafsiria neno kwa neno. Panya, mimba, mkia, na pale mkia ulipoingizwa.

Kapteni alibadilika rangi. Kesho yake kulikuwa na kikao.

Niliingia na chai. Mezani alikaa Kapteni, mkalimani akisimama nyuma yake, na pembeni mweka hazina, Bwana Siame, mtu mnene asiyependa ugomvi kabla ya kula. Kafwimbi alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Jere alipewa kiti chenye mto, kwa kuwa ndiye aliyeonewa.

"Bwana Kapteni," Siame alianza, "hawa ni watani. Ni mila. Ndivyo wanavyosalimiana."

"Nimeelezwa," alisema Kapteni. "Hata kwetu mwenye nguvu akimdhalilisha mnyonge husema ni mzaha. Sitaki kusikia kutoka kwako. Nataka kusikia kutoka kwa Bwana Jere mwenyewe. Akiniambia kwamba huyu ni rafiki yake na hayo hayamuumizi, nitafunga jambo hili sasa hivi. La sivyo, huyu haingii tena kwenye uwanja huu, yeye wala baiskeli yake."

Ukaona lilivyokuwa jepesi? Neno moja. Mtoto wa shule ya msingi angelisema. Nilisimama na birika nikimngoja Jere alitamke nikamimine.

"Bwana Jere, mtu huyu anakutukana?"

"Sana," alisema Jere.

"Mara kwa mara?"

"Kila siku. Jumapili anazidisha, maana anatoka kuungama na ana nafasi mpya."

"Na wewe unajisikiaje?"

Jere akafikiri. "Vibaya. Lakini utamlaumu vipi? Malezi ya juu ya mti yana taabu zake."

Siame alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Kafwimbi pale mlangoni alikuwa anang'ata kofia. Kapteni peke yake hakucheka, aliandika.

"Bwana Kafwimbi, una la kusema?"

"Mzee anasema kweli, mukwai," alisema Kafwimbi kwa heshima zote, maana mukwai kwetu ni kama kusema bwana. "Namtukana. Ila mnisamehe, ukimwona panya kavaa soksi ndefu na glavu moja, ulimi unajiendea wenyewe."

"Mnaona," alisema Kapteni kwa huzuni. "Hata hapa."

Akafunga faili. Akasema kuanzia leo Ignasio Kafwimbi amepigwa marufuku uwanjani, na wachezaji watafute njia nyingine ya kufikisha fimbo zao. Alisema polepole, kama mtu anayefanya jambo gumu kwa ajili ya haki.

Hapo kicheko kilikatika. Kafwimbi alitazama dirishani, baiskeli yake ilikoegemezwa ikiwa bado na mifuko ya watu. Umri ule, kikohozi kile, nani atampa kazi nyingine? Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema wazee, na mimi siku ile niliuona usaha wenyewe. Nilikasirika. Nilimkasirikia Jere kuliko yule Mnorwe, kwa sababu Mnorwe hakujua.

"Haya basi," alisema Kafwimbi. "Mwacheni mla panya abebe fimbo zake kwa meno." Akageuka kwenda, na sauti haikuwa ya utani tena ingawa maneno yalikuwa yale yale.

Jere akasimama.

"Bwana Kapteni, ngoja."

"Nyamaza, mzee," alisema Kafwimbi bila kugeuka. Alikuwa ameshajua kinachokuja.

"Mke wangu alipofariki," alisema Jere, "nililala chini nikageukia ukuta. Watoto wangu walinibembeleza, mchungaji akanibembeleza. Sikula. Siku ya tatu huyu aliingia chumbani amevaa gauni la marehemu na kilemba chake, amebeba sahani, akaanza kunigombeza kwa sauti ya mke wangu. Kwamba nimewaacha kuku nje. Kwamba ninanuka. Nilicheka. Nikala. Kaburi la mke wangu alilichimba yeye, sufuria za msiba aliziosha yeye, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha. Huyu ni ndugu yangu. Nampenda kuliko waliozaliwa nami. Mkimfukuza, na mimi mniondoe."

Siame alitazama dari. Kafwimbi alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva, mfano wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Kapteni alikuwa na machozi pia. Akainuka, akampa Jere mkono, akampa Kafwimbi mkono, akaichana karatasi yake. Akasema amejifunza kitu. Akaniomba nimletee kila mtu keki. Kwake lilikuwa limekwisha, na vizuri sana.

Kesho yake nilikuwa uani napepeta mchele niliposikia chuma kinalia barabarani. Nikatega sikio kusubiri matusi. Hayakuja. Nikachungulia juu ya ukuta. Kafwimbi haendeshi, anaikokota baiskeli kwa mkono, na Jere anatembea upande wa pili.

"Umeamkaje, mukwai?" aliuliza Kafwimbi.

"Nimeamka salama. Na nyumbani?"

"Wazima, tunashukuru. Sukari yako?"

"Imetulia."

Nilirudi kwenye mchele wangu nikiwa na wasiwasi.

Wakaendelea hivyo wiki nzima. Wachezaji wengine walianza kuwatazama kwa pembe ya jicho, kama wanavyotazamwa watu waliotoka hospitali na bado hawajasema majibu. Kapteni peke yake alifurahi. Aliniambia, unaona, sasa kuna heshima.

Jumamosi Jere aliupiga mpira wake ukaingia dimbwini mbele ya watu wote, pigo la aibu, la mtoto. Zamani hapo Kafwimbi angekwenda kwenye maji akaanza kuwaita panya wajitokeze waokoe mali ya baba yao. Watu waligeuka kumtazama. Hata Siame aliacha kutafuna.

"Pole, Bwana Jere," alisema Kafwimbi. "Ni upepo tu."

Hapakuwa na upepo. Bendera ilikuwa imelala kwenye mti wake. Jere alisimama akiwa ameshika fimbo, na nilimwona usoni kwamba katika miaka yake yote na yule mtu hakuwahi kutukanwa vile.

Mchana nilifunga jiko nikashika njia ya nyumbani, nao wakawa mbele yangu, baiskeli katikati yao. Sikutega sikio. Barabara ni ya wote.

"We nyani," alisema Jere.

Kafwimbi akaendelea kukokota.

"Nyani! Nasema na wewe."

"Naam, ndugu."

"Usiniite hivyo. Nitukane."

"Siwezi."

"Tusi moja tu. Dogo. Niambie hata masharubu yangu."

"Nimejaribu," alisema Kafwimbi. "Kila asubuhi nikija kwako nakuwa nalo mdomoni, nikikuona linarudi tumboni. Ulisema mbele ya watu mimi ni ndugu yako. Nani anamtukana ndugu yake njiani?"

"Nilikuwa naokoa kazi yako!"

"Najua. Nashukuru, mukwai."

Jere akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Usinishukuru! Basi sikiliza. Nilidanganya. Yote yale. Nilimdanganya yule Mnorwe ili nipate mtu wa kunibebea mizigo bei rahisi. Wewe si ndugu yangu, na wala sikupendi."

Kafwimbi alisimamisha baiskeli. Fimbo zikanyamaza. Akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kikao nikaona kitu kama kicheko kinatafuta njia usoni mwake.

"Apa," alisema.

Jere akainua kidole juu. Akafungua mdomo. Nilisimama nyuma yao na kikapu changu, namwombea, sema mzee, apa, Mungu ataelewa.

Akaufunga. Akashusha kidole, akaushika mkono wa baiskeli.

Wakaikokota wote wawili mpaka nyumbani.