Siku Baba Alipokaa Mezani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda kwa binti yangu kule Ilemela kula naye chakula cha Jumapili. Tumekaa mezani, tunakula vizuri, mara mkwe wangu, mume wa binti yangu huyo, akanyoosha mkono akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yangu. Sahani yangu mimi, mama mkwe wake! "Mama, hiki naona umekishindwa," akasema, akakitia mdomoni, akaendelea na habari zake za mpira. Jamani! Nilibaki na tonge mkononi. Binti yangu akaniuliza, "Vipi mama, mwiba?" Nikajibu ndiyo, mwiba. Ningemwambia nini? Hasira sikuwa nayo, maana kijana yule ananipenda na ndiye anayenipeleka hospitali. Lakini moyo ulinidunda kama nimeona mtu anapita uchi sokoni, na nikajua sitapata raha mpaka nimemsimulia mtu. Basi kaa nikusimulie wewe.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na meza. Naijua sura unayoifanya, unasema meza kitu gani. Ngoja. Nazungumzia Mwanza ya miaka ya hamsini, mtaa wetu wa juu kwenye mawe, ambako watu walikula chini, wanaume kivyao barazani, wanawake na watoto kivyao jikoni. Nyumba ya Bibi ndiyo pekee iliyokuwa na meza ya kulia chakula, meza ya mvule ya watu kumi, miguu yake minene kuliko yangu. Babu alikuwa seremala. Mzungu mmoja wa serikali aliiagiza, na kwa kuwa ilikuwa masika na kibanda cha kazi kinavuja, Babu akaiundia chumbani. Alipomaliza, akapima meza, akapima mlango, akakaa chini akajishika kichwa. Fundi mzima kasahau kupima mlango! Kabla hajajua la kufanya, yule Mzungu akahamishwa, na meza ikabaki pale pale ilipozaliwa. Babu mwenyewe hakuila sana raha yake, alifariki mimi sijaanza hata kutembea. Nimeikuta ni meza ya Bibi.

Kila Jumapili sisi wajukuu tulikula pale. Bibi alianza jikoni mapema. Harufu ya sato inachemka na nyanya na vitunguu ilikufikia ukiwa bado unapanda njia ya mawe, halafu mlio wa mwiko ukigonga chungu cha ugali, tuf, tuf, tuf. Mimi kazi yangu ilikuwa kuisugua meza kwa majani makavu na maji ya majivu mpaka ing'ae, na mdogo wangu wa kiume kazi yake ilikuwa kupanga viti na kugombezwa. Pembeni kulikuwa na bakuli la maziwa mgando, na ukimaliza kula unapata matobolwa, vile viazi vitamu vilivyopikwa vikakaushwa, unatafuna mpaka taya linachoka. Bibi alikaa kichwani pa meza na khanga yake begani. Hakuna aliyegusa chakula kabla yake, na hakuna aliyeinuka kabla hajasema, "Haya, tumeshiba, Mungu ashukuriwe."

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane. Tangu hapo baba peke yake ndiye aliyetuleta kwa Bibi kila Jumapili, mimi na mdogo wangu, kutoka nyumba za wafanyakazi wa kinu cha pamba alikokuwa akibeba marobota. Alitufikisha kwenye ua wa minyaa, hapo hapo. Nje ya ua. Maana kwetu Usukumani zamani zile mtu na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, na kula mbele yake ndiyo kabisa, hata kufikiria hapana. Ilikuwa aibu ya kuitolea mbuzi. Baba aliupa ua mgongo, akachuchumaa, akaita, "Mwangaluka, mayu!" yaani umeamkaje, mama. Na Bibi akiwa ndani, khanga kajifunika kichwa ingawa hakuna anayemwona, akaitikia, "Mwangaluka, baba!" Basi. Sisi tunaingia kula, yeye anakwenda kwa jirani kutusubiri. Sisi watoto tuliamini kabisa kwamba siku wakionana uso kwa uso, mikono yao itatetemeka hadi kufa. Nani alituambia, sijui. Tuliamini tu.

Wakiwa na neno la kuambiana walimtumia huyo jirani. Alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu wa mjini, kanzu safi, kofia ya mkono, asiye na mke, mpole sijapata kuona. Na upole wake huo ndio uliotaka kuniua.

Nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la nne. Mwalimu wetu alikuja mwenyewe mpaka kwa baba, akavua kofia, akasema nimefaulu, nafasi yangu ya darasa la tano ipo, shule ya bweni ya wasichana, mwezi wa kwanza niende. Wasichana tuliofaulu tulikuwa wawili. Nilicheka mpaka nikalia. Wiki hiyo hiyo baba akapata habari kwamba anahamishiwa kinu cha ng'ambo, upande wa Sengerema. Akaamua mdogo wangu atakwenda naye, na mimi nitakaa kwa shangazi kule kule, nimsaidie kulea watoto wake. Shule, akasema, nimeshasoma ya kutosha, najua kuandika barua. Na kumwachia Bibi hakuweza, maana ng'ombe wa mahari walikwishatolewa, watoto ni wa kwao kwa baba, atachekwa ukoo mzima. Shangazi yangu yule alikuwa ameshaoza mabinti wawili kabla hawajafika miaka kumi na tano. Nilijua kabisa kinachonisubiri.

Bibi aliposikia alimwita fundi, mimi nimesimama pale pale. Akamwambia, "Mwambie mkwe wangu hivi: mtoto haendi popote. Anakwenda shule. Akija kumchukua atanikuta hapa mlangoni na mchi wangu." Fundi akasema, "Nimesikia mama, nitamfikishia," akanishika mkono tukashuka wote hadi kwa baba. Unajua alisema nini? "Mama mkwe wako anakusalimu sana. Anasema mambo haya yanataka subira, na anawaombea safari njema." Haki ya Mungu! Mbele yangu! Baba akafurahi, akajibu, "Mwambie namshukuru sana. Mtoto akamuage, Jumapili nitampitia tuvuke." Tukarudi. Fundi akamwambia Bibi, "Mkweo amepokea maneno yako kwa heshima. Anakushukuru sana." Bibi naye akashusha pumzi, akaenda kupika.

Hakuwa mwongo yule mzee. Kwake yeye kupeleka neno kali kwa mkwe wa mtu ilikuwa sawa na kumpelekea mtu huyo matusi. Alilainisha huku, akalainisha kule, akalala usingizi wake vizuri. Mimi ndiye niliyesikia pande zote mbili. Na sikusema! Mtoto kumwambia mtu mzima kwamba hukusema ulivyotumwa, nani alithubutu? Nikanyamaza siku nne nzima. Mpaka leo sijajisamehe.

Hiyo ilikuwa wiki ya uhuru. Mji umefurika watu, ngoma kila kona, bendera mpya kila duka, sisi watoto wa shule tumeimba uwanjani mpaka sauti zimekauka. Jumapili, siku moja baada ya uhuru wenyewe, mji ulikuwa bado haujatulia. Fundi mwenyewe alikuwa amekwenda mjini kutazama. Bibi ametandika kitambaa cheupe mezani, kapika sato wawili wakubwa kwa furaha ya nchi, mimi na mdogo wangu tumelala kwake tangu jana. Mara nasikia nje ya ua, "Mwangaluka, mayu!" Bibi akaitikia. Kisha, kwa kuwa fundi hayupo, baba akapaza sauti mwenyewe, "Mayu, mtoto yuko tayari? Tunawahi chombo cha kuvukia Kamanga."

Bibi akasimama. "Tayari kwenda wapi?"

Baba, kwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa, "Si tulikubaliana, mayu? Si ulituombea safari njema?"

Bibi akanigeukia. Mimi nilishaanza kulia. "Ulijua?" Nikaitikia kwa kichwa. "Loo, mtoto wewe!" Hakunipiga. Heri angenipiga. Alivua khanga ya kichwani, ndiyo, aliivua, akaiweka juu ya kiti, akatoka nje. Nikamfuata mbio. Baba aliposikia nyayo zinakuja akajikunja chini, akajifunika uso kwa koti lake. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa juu ya mawe wakapiga yowe. "Mama fulani! Unafanya nini? Umerogwa?" Bibi hakuwasikia. Alimshika baba mkono. Alimshika mkono, mwenzangu! Mama mkwe kamshika mkwe wake mchana kweupe, mtaa mzima unaona.

"Inuka, baba. Ingia ndani. Chakula kinapoa."

"Mayu, niache. Niache, mayu, nakuomba."

Baba yangu alikuwa akibeba robota la pamba peke yake, lakini siku hiyo alivutwa na kikongwe kama kuku. Akaingizwa, akakalishwa kitini. Bibi akamnawisha mikono, mikono ile kweli ilikuwa inatetemeka, nami nikasema moyoni basi, sasa wanakufa wote wawili, nimewaua mimi. Mdogo wangu akajificha chini ya meza. Bibi akakaa mbele ya baba, uso kwa uso, akakata tonge, akachovya, akala. Akatafuna polepole akimtazama. Kisha akasema, "Kula."

Baba akala. Macho kwenye kitambaa, machozi yanamtoka, lakini akala.

"Sikukuombea safari njema," Bibi akasema. "Nilisema mtoto haendi. Sasa nakwambia kwa kinywa changu, asiingie mtu katikati tena. Unajua kwa nini mama yake alikuwa hawezi kusoma barua zako? Alikuwa na akili kuliko huyu. Mwalimu wake alikuja hapa hapa akakaa kwenye kiti hicho, akaniomba nimwache aendelee. Mimi ndiye niliyemtoa. Si babu yake, ni mimi! Niliona ng'ombe zako nikamtoa, akaolewa na miaka kumi na minne, akazaa, akaisha. Nimekaa na jambo hilo kila siku ya Mungu. Huyu simtoi. Ukitaka kumchukua, mchukue ukinitazama machoni."

Mimi hilo la mama sikuwahi kulisikia. Baba akainua macho, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamtazama Bibi usoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Watu watasemaje, mayu?"

"Watasema nina kichaa. Wewe huna kosa, umeburutwa."

Baba akamaliza tonge lake. Kisha akasema, "Basi abaki." Akanawa, akamtoa mdogo wangu chini ya meza, wakateremka kwenda kivukoni.

Bibi alilipia. Kaka zake walikuja wakamkalisha kikao, wakamtoza mbuzi, na dada zake hawakukanyaga kwake zaidi ya mwaka. Tukala wawili tu kwenye meza ile ya watu kumi, likizo zote nilizorudi. Hakuwahi kulalamika hata siku moja. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha hadi nywele zikawa nyeupe. Bibi alipofariki nyumba iliuzwa, mnunuzi akaikata meza kwa msumeno ili itoke mlangoni, na minyaa ikang'olewa ukajengwa ukuta wa matofali. Hata zile heshima za kujificha zimekwisha, na sijui kama nizililie au nizifurahie.

Baba alizeeka kule kule ng'ambo. Nilipokuwa na watoto wangu tayari nilivuka kwenda kumwona, na nikapata ujasiri wa kumwomba msamaha. Nikamwambia yote, kwamba nilisikia fundi akigeuza maneno nikanyamaza, na kwamba kwa ajili yangu aliaibishwa mbele ya mtaa mzima.

Alinitazama kwa mshangao. "Aibu ilikuwepo," akasema. "Ila yule samaki, mwanangu! Mama yako alipokuwa hai alikuwa ananitolea sahani kila Jumapili, nakula kwa fundi. Alipofariki, miaka minne nilikaa pale barazani nasikia harufu tu mpaka mmalize. Fundi alikuwa ananipa kahawa. Sasa kahawa inashibisha?"

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Miaka minne, kila Jumapili, nilikaa mezani mita chache kutoka kwa baba yangu, nikala nikashiba, nikamshukuru Mungu, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza kama amekula.