Kengele ya Kijani

Juzi, hapa Musinzira, mtoto wa dada yangu alinikuta kwenye kompyuta. Nilikuwa naipaka rangi ndege ya mchezo wa urubani, kijani kutoka pua hadi mkia.

"Tantine, ndege kama hiyo haiko," akacheka.

Nikasikia tena harufu ya petroli na rangi ya mafuta. Kule Muyinga, nilipokuwa mdogo, Baba alikuwa anapaka rangi baiskeli za kubeba abiria, kila chama cha waendeshaji na rangi yake. Mimi nilielewa kwamba rangi ndiyo inayofanya kitu kiwe chako. Alasiri moja alipokwenda kuswali, nikaipaka kijani baiskeli ya mteja, hadi kengele.

"Umefanya nini, we mtoto?"

"Iko yangu sasa."

Akanipa kitambaa nifute. Nikakikalia. Alifuta mwenyewe mpaka adhana ya magharibi, lakini kengele ilimshinda, ikaondoka na mteja ikiwa kijani.

Sasa najua rangi haimpi mtu kitu. Lakini kengele ile ilikuwa yangu.

"Haiko?" nikamwambia mtoto. "Kaa hapa uione ikiruka."